Damu ya figo kwa mtoto ambaye mkojo wake hurudi juu

Mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo hupenya ukuta wa kibofu kwa mshazari. Kibofu kikijaa, ukuta huo huubana mrija na njia ya kurudi hufungika. Kwa baadhi ya watoto kipande kilichomo ukutani ni kifupi, hakibaniki vizuri, na mkojo hupanda tena, pengine hadi ndani ya figo. Ukipanda na vijidudu, mtoto huchemka homa, na figo huweza kubaki na kovu.

Hapa Mombasa kina mama huniuliza mapema, kabla hata sijapaka jeli: "Daktari, leo utauona huo mkojo ukirudi?" Mara nyingi siuoni, na huwaambia hivyo. Picha ya ultrasaundi yaweza kutoka safi kabisa na tatizo lipo. Linalothibitisha ni eksirei ya kibofu: kinajazwa dawa kwa mpira mwembamba, mtoto anapigwa picha akikojoa, kisha tatizo linapewa daraja, 1 hadi 5. Makovu nayo hutafutwa vizuri zaidi kwa kipimo cha DMSA, ambacho hutumia dawa yenye mionzi kidogo.

Basi Dopla ya nini? Ni ultrasaundi ya kuangalia damu inavyopita kwenye figo. Haina mionzi wala sindano, na mtoto anaweza kurudiwa kila inapohitajika. Natafuta mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya figo, na kwenye skrini mchoro huinuka kila moyo unapopiga, kisha huteremka. Kwenye figo yenye afya hauteremki hadi sifuri, kwa sababu damu huendelea kupita hata moyo unapopumzika. Nachukua kasi ya juu, natoa ya chini, nagawanya kwa ile ya juu. Sentimita 40 kwa sekunde juu na 14 chini hutoa 0.65. Hicho ndicho kiwango cha ukinzani. Figo ikiwa na makovu, mishipa hukaza, kasi ya chini hushuka na kiwango hupanda.

Hapa ndipo ninapoomba uangalifu mkubwa. Kwa mtu mzima tunahesabu 0.70 kuwa mpaka wa kawaida. Kichanga mwenye figo nzuri huupita mpaka huo, na kiwango chake hushuka taratibu miaka ya mwanzo ya utoto. Ukimsomea mtoto wa miezi mitatu kwa kipimo cha baba yake, utawatia wazazi hofu ya bure. Kilio nacho huharibu hesabu: mapigo yakienda mbio kiwango hushuka, na mkono wangu ukikandamiza tumbo hupanda. Kwa hiyo namwambia mama amnyonyeshe, nami nasubiri. Watu wapange foleni nje, sawa, lakini kipimo cha mtoto anayepiga mateke sikiandiki.

Kwa maoni yangu, kinachosaidia zaidi kuliko nambari peke yake ni kulinganisha figo mbili za mtoto yuleyule. Kushoto 0.66, kulia 0.79, na figo ya kulia ni fupi na tabaka lake la nje limekonda: hapo namwandikia daktari wake kwamba DMSA isicheleweshwe. Nambari zikilingana na figo zinakua, naandika hivyo pia, ila siandiki kwamba mkojo haurudi.

Mkija tena, mama, njooni na ripoti za zamani, hata zilizokunjika. Urefu wa figo wa mwaka jana ndio nitakaoulinganisha na wa leo.