Iowa: ramani isiyojua mbunge anaishi wapi

Watu wanaochora mipaka ya maeneobunge ya Iowa wamekatazwa na sheria kuangalia mbunge anaishi wapi. Wamekatazwa pia kutazama wapiga kura wamejisajili chini ya chama gani, chaguzi zilizopita zilikwendaje, na takwimu zozote za wakazi zaidi ya idadi yao. Sheria hiyo ilipitishwa 1980, na tangu hapo kila sensa ikitoka ramani mpya huchorwa kwa utaratibu huo huo. Ninafundisha siasa za Marekani, na mtu akiniomba nimweleze jinsi mbunge wa nchi hii anavyopatikana, simwanzishi na Washington. Namwanzisha na Iowa, kwa sababu hapa ndipo anapoona waziwazi jambo ambalo taarifa za habari hulipita haraka: kiti cha ubunge kinaweza kuamuliwa na mstari wa mpaka, na namna bahasha ilivyofungwa, na saa ambayo kura ya posta ilifika kaunti.

Kwa anayeanza kabisa: kila jimbo la Marekani lina maseneta wawili wanaokaa miaka sita, na sehemu yake ya viti 435 vya Baraza la Wawakilishi, ambavyo hugombewa kila baada ya miaka miwili. Viti hivyo hugawanywa upya kila baada ya sensa, yaani kila miaka kumi. Iowa iliwahi kuwa na viti 11. Sensa ya 1930 ikaipunguzia hadi 9, na majimbo mengine yalivyozidi kukua ikaendelea kupoteza kimoja kimoja. Leo ina 4.

Sensa ya 2020 iliihesabia Iowa watu 3,190,369. Gawanya kwa nne, kila eneobunge linatakiwa kuwa na watu kama 797,592. Jimbo lina kaunti 99, na ni marufuku kuikata kaunti yoyote katikati ili nusu iende kwa mbunge huyu na nusu kwa yule. Kaunti ya Polk, penye mji mkuu Des Moines, ina karibu watu laki tano. Kaunti ya Adams ina 3,704. Kazi ni kuzipanga kaunti nzima nzima, kubwa na ndogo, mpaka mafungu manne yanakaribia kulingana, huku kila fungu likiwa limeshikana na lisiwe na mikia mirefu. Wanaoifanya ni watumishi wa ofisi ya huduma za bunge la jimbo, wasiofungamana na chama. Wakimaliza, wabunge wa jimbo wanapiga kura ya ndiyo au hapana tu, bila kurekebisha mipaka. Wakiikataa ramani ya kwanza, inaletwa ya pili kwa masharti yale yale. Ni ya tatu tu inayoruhusiwa kufanyiwa marekebisho kama mswada wa kawaida.

Oktoba 2021 Seneti ya jimbo, iliyokuwa mikononi mwa Warepublican, iliikataa ramani ya kwanza. Ramani hiyo iliziweka kaunti za Linn, Johnson na Scott katika eneobunge moja, na hilo lingewapa Wademocrat kiti chenye matumaini makubwa. Ya pili iliitenga Linn, ikaziacha Johnson na Scott pamoja, na ikapita. Kwa hiyo siasa haikufukuzwa kabisa mlangoni. Ilipewa nafasi finyu ya kusema hapana, ikaitumia. Bado naamini huu ni kati ya utaratibu bora zaidi nchini Marekani, na ushahidi wangu mkubwa ni yaliyompata Mariannette Miller-Meeks. Alikuwa mbunge wa Republican, chama chake kikishikilia mabaraza yote mawili ya jimbo pamoja na ugavana. Ramani hiyo ya pili iliiweka kaunti yake ya nyumbani, Wapello, katika eneobunge ambalo halikuwa na wapiga kura wake wengi. Ikabidi akagombee kwingine. Katika jimbo ambalo chama tawala huchora chenyewe, mbunge wao hatendewi hivyo.

Tazama jirani, ng'ambo ya mto Mississippi. Illinois ilichorwa na Wademocrat mwaka huo huo wa 2021, na sasa wanashika viti 14 kati ya 17, ingawa 2024 Kamala Harris, mgombea urais wa Democratic, alipata huko asilimia 54 hivi. Mipaka yake inajipinda kuufuata mji huu na kuukwepa ule. Warepublican nao wamefanya vivyo hivyo katika majimbo wanayotawala, kwa hiyo simnyooshei kidole mtu mmoja.

Lakini ramani ya haki haileti mgawanyo sawa wa viti, na hapa wanafunzi wangu hukwama. Iowa ya leo ina wabunge wanne, wote Warepublican, ilhali Harris alipata zaidi ya asilimia 42 ya kura za jimbo. Kura za Wademocrat zimerundikana katika kaunti chache za mijini, na ukizipanga kaunti nzima nzima, kila mji huzungukwa na mashamba yanayopiga kura upande wa pili. Cindy Axne wa Democratic alishinda eneobunge la 3 mwaka 2018 baada ya kushinda kaunti moja tu, Polk, kati ya 16. Mwaka 2022, katika ramani mpya, akaishinda tena Polk, akashindwa katika zile nyingine 20 zote, na safari hii Polk peke yake haikutosha. Zach Nunn alimpita kwa kura zaidi kidogo ya 2,000. Kinachopatikana kwa utaratibu huu ni kinyang'anyiro cha kweli. Katika ramani moja, ile iliyotumika kabla ya 2022, Wademocrat walichukua viti vitatu kati ya vinne mwaka 2018, na miaka miwili baadaye Warepublican wakachukua vitatu.

Kabla ya hapo kuna mchujo wa vyama, mwezi Juni. Kanuni ya Iowa inasema mshindi lazima afikishe asilimia 35, la sivyo wajumbe wa chama hukutana na kumteua wao wenyewe. Mwaka 2014 wagombea sita wa Republican waligawana kura za eneobunge la 3, hakuna aliyefika. Kwenye mkutano, baada ya duru kadhaa za kupiga kura, aliyeteuliwa ni David Young, ambaye kwenye mchujo alikuwa wa tano. Akaenda Washington na kukaa vipindi viwili, mpaka Axne alipomwondoa.

Sasa tufike kwenye kura sita.

Mwaka 2020 mbunge wa eneobunge la 2, Dave Loebsack, alistaafu. Kiti kikawa wazi, kikagombewa na Miller-Meeks na Rita Hart wa Democratic. Kaunti 24, karibu wapiga kura laki nne. Matokeo ya mwanzo yalimpa Miller-Meeks uongozi wa kura 282. Kisha ikagunduliwa kwamba kaunti ya Jasper ilikosea kuingiza takwimu, na kosa liliposahihishwa Hart akawa mbele kwa 162. Halafu kaunti ya Lucas ikabaini kwamba kura za kituo kimoja hazikuwamo kwenye jumla, na Miller-Meeks akarudi mbele. Kaunti zote zilipothibitisha hesabu zao, tofauti ilikuwa 47. Hart akaomba kura zihesabiwe upya.

Ni vizuri kujua anayehesabu ni nani. Marekani haina tume ya taifa inayoendesha uchaguzi kama IEBC ya Kenya. Katika Iowa kila kaunti ina odita, na odita huyo, ambaye naye huchaguliwa kwa kura, ndiye msimamizi wa uchaguzi. Katika kuhesabu upya, kama sheria ilivyokuwa wakati ule, kila kaunti iliunda bodi ya watu watatu: mmoja wa mgombea huyu, mmoja wa yule, na wa tatu waliyekubaliana. Kila bodi iliamua yenyewe itumie mashine, mikono, au vyote viwili. Kwa hiyo karatasi yenye alama hafifu, ambayo mashine huiona tupu, ingeweza kuhesabiwa katika kaunti moja na kuachwa katika nyingine. Udhaifu huo uliwasumbua watu wa pande zote mbili, na ulistahili kuwasumbua.

Novemba 30 jimbo likathibitisha: Miller-Meeks 196,964, Hart 196,958.

Hart alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa jopo la majaji watano wakiongozwa na jaji mkuu wa jimbo, lakini sheria ilitaka uamuzi uwe umetoka kufikia Desemba 8, yaani siku nane tu. Ya pili ilikuwa Baraza la Wawakilishi lenyewe. Msomaji wa Kenya amezoea kuona kesi ya ubunge ikienda Mahakama Kuu, lakini Katiba ya Marekani inalifanya kila baraza kuwa mwamuzi wa uchaguzi wa wabunge wake. Hart alichagua Baraza, akidai kura 22 halali hazikuhesabiwa. Nyingine zilikataliwa kwa sababu bahasha haikuwa imefungwa ipasavyo, nyingine kwa sababu ya sahihi. Kati ya hizo, alisema, 18 zilikuwa zake na 3 za mpinzani. Zingeingizwa, angeshinda kwa kura tisa.

Nimezirudia hoja zake mara nyingi na naona alikuwa na kesi. Kilichomponza ni kuliruka jopo la majaji. Siku nane ni chache mno, hilo nakubali, lakini Baraza lilikuwa mikononi mwa chama chake, na mwananchi wa kawaida angeona chama kikimpa kiti mtu wake. Mfano ulikuwapo papo hapo katika majimbo haya ya kati. Katika uchaguzi wa 1984, kiti cha eneobunge la 8 la Indiana kiligombaniwa miezi kadhaa, na mwezi Mei 1985 Baraza lenye Wademocrat wengi likampa Frank McCloskey wa Democratic kwa tofauti ya kura nne. Warepublican wakatoka nje ya ukumbi, na uchungu wa siku hiyo ukadumu miaka mingi. Mwaka 2021 baadhi ya Wademocrat wenyewe hawakutaka kuirudia njia hiyo. Machi 31 Hart aliondoa shauri lake. Miller-Meeks alikuwa ameapishwa Januari kwa masharti, akabaki. Mwaka 2024 alimshinda Christina Bohannan kwa kura zisizofika 800, na hapo tena zikahesabiwa upya.

Kwa sisi wenye Kiswahili, haya si ya mbali. Iowa City, Coralville, Cedar Rapids, Des Moines na Waterloo zina Wakongo wengi, na wengi wao wameshapata uraia. Iowa City ilikuwa katika eneobunge lile la kura sita la 2020, na imo katika lile alilogombea Miller-Meeks 2024. Familia moja kubwa ya watu wazima sita ingetosha kulisawazisha lile la 2020. Kwa hiyo nieleze mambo ambayo naulizwa kila msimu wa uchaguzi.

Sheria ya jimbo ya 2002 iliyotangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi imetumika kuzuia fomu za uchaguzi zisitolewe kwa lugha nyingine. Mwaka 2023 jaji katika kaunti ya Polk aliamua kwamba haizihusu, lakini 2024 Mahakama ya Juu ya Iowa ikautengua uamuzi huo, ikisema waliofungua kesi hawakuwa na haki ya kuifungua. Usitegemee karatasi ya kura yenye Kiswahili. Kilichopo ni sheria ya shirikisho: mpiga kura asiyeweza kusoma au kuandika ana haki ya kuingia kupiga kura na msaidizi anayemchagua mwenyewe, awe mtoto wake, shangazi yake au jirani. Wanaokatazwa ni mwajiri wake au wakala wa mwajiri, na kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Kwa anayefanya kazi kiwanda cha nyama, msimamizi wa zamu akijitolea kukusaidia, mshukuru na umkatalie.

Ukipiga kwa posta, kura lazima iwe imefika kwa odita kabla ya saa mbili usiku ya siku ya uchaguzi. Zamani muhuri wa posta wa siku moja kabla ulitosha. Tangu mabadiliko ya 2021 hautoshi. Weka sahihi palipoelekezwa, kisha ufunge bahasha vizuri. Na tangu sheria ya 2017 hakuna tena kiduara kimoja cha kuchagua chama kizima. Shuka karatasi nzima, jaza kila nafasi unayoitaka.

La mwisho linawahusu waliopata uraia karibuni. Siku chache kabla ya uchaguzi wa 2024, katibu wa jimbo, Paul Pate, ambaye ofisi yake husimamia uchaguzi jimboni, aliwapelekea maodita orodha ya watu 2,176 ambao kumbukumbu za leseni za udereva zilionyesha kwamba waliwahi kusema si raia. Kura zao zilitakiwa kuwekewa pingamizi. Jaji wa shirikisho aliruhusu hatua hiyo. Machi 2025 ofisi ya Pate ilitangaza kwamba imethibitisha watu 277 wasio raia kwenye daftari, 35 kati yao wakiwa wamepiga kura. Wengi wa waliowekwa kwenye orodha ile walikuwa raia kamili, waliochukua leseni kabla ya kula kiapo. Ikiwa leseni yako ni ya kabla ya kiapo, nenda ukairekebishe taarifa hiyo mapema, na siku ya kura ubebe pasipoti ya Marekani au cheti cha uraia. Wakikuambia jina lako lina pingamizi, usiondoke kituoni. Onyesha cheti, na kama bado kuna shaka omba kura ya muda (provisional ballot), inayowekwa kando mpaka haki yako ya kupiga kura ithibitishwe, kisha uulize ofisi ya odita unatakiwa upeleke nini, na mwisho wa kupeleka ni lini.