Ugonjwa Umerudi, au Ni Dawa Inatoka?

"Daktari, ugonjwa umenirudia."

Maneno haya nayasikia mara kwa mara, na mara nyingi anayeyasema ni mtu wa miaka 45 hadi 55 ambaye dawa yake ya wasiwasi imepunguzwa au kubadilishwa siku chache tu zilizopita. Kabla sijagusa kalamu huwa namuuliza: dozi ilipungua lini, na hali hii ilianza lini? Tarehe hizo mbili hunisaidia kuliko kipimo chochote nilicho nacho.

Nimchukue mama mmoja wa miaka 49 (nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike). Alikuwa ametumia paroksetini, dawa ya wasiwasi, miligramu 20 kwa siku, kwa miaka 14. Ilimtoa kwenye hofu iliyokuwa ikimzuia hata kupanda basi, na hilo silisahau ninapozungumzia ubaya wa dawa hii. Lakini mwili wa miaka 49 si ule wa miaka 35. Uzito ulikuwa umepanda, mdomo unakauka, choo kigumu, na hamu ya tendo la ndoa ilikuwa imekwisha kabisa. Tukakubaliana tuhamie sertralini, dawa nyingine ya wasiwasi, pole pole. Nikapunguza paroksetini hadi nusu kwa mkupuo mmoja huku nikianza ile mpya kwa dozi ndogo. Kwake ilikuwa haraka mno.

Siku ya nne alirudi na daftari. Alikuwa ameandika: "Nikigeuza macho, kama shoti ya umeme inapita kichwani. Kizunguzungu. Ndoto mbaya. Nalia ovyo."

Nikamuuliza, "Mama, ule wasiwasi wa zamani ulikuwa na shoti kichwani?"

Akanyamaza kidogo. "Hapana. Ule ulikuwa unanibana kifuani."

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Ugonjwa ukirudi huja taratibu, kwa wiki au miezi, na huja na sura yake ileile. Dalili za dawa kutoka mwilini huja ndani ya siku chache na huleta mambo ambayo mgonjwa hakuwahi kuwa nayo: shoti, kizunguzungu, kichefuchefu, hasira za ghafla. Na ukimrudishia dozi ya awali, mara nyingi zinatulia ndani ya siku mbili tatu. Wasiwasi wenyewe hautulii upesi namna hiyo, maana dawa hizi huhitaji wiki kadhaa kuutuliza. Wasiotofautisha haya mawili ndio wanaoambiwa watumie dawa maisha yao yote, wakati walichohitaji ni mwendo wa polepole zaidi.

Kasi ya kutoka hutegemea dawa yenyewe. Paroksetini hupungua nusu mwilini kwa takriban siku moja. Venlafaksini hupungua nusu kwa saa chache tu, ndiyo maana aliyesahau kidonge cha asubuhi anaweza kulala na kizunguzungu. Fluoksetini hukaa sana, kwa sababu ini huigeuza kuwa kitu kingine kinachodumu wiki nzima au zaidi. Dalili zake zikichelewa, watu hawakumbuki tena kuzihusisha na dawa.

Halafu kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. Dozi ndogo ya dawa hizi tayari hufanya sehemu kubwa ya kazi kwenye ubongo. Kwa hiyo kutoka miligramu 20 hadi 10 unaondoa kidogo, lakini kutoka 5 hadi sifuri unaondoa kingi. Mwaka 2019 watafiti Mark Horowitz na David Taylor waliandika katika jarida la Lancet Psychiatry wakishauri kwamba hatua zizidi kuwa ndogo kadiri dozi inavyoshuka. Wengi wanaokwama hukwama kwenye kipande cha mwisho kabisa. Hapo dawa ya maji husaidia, kwa kuwa inapimika kwa bomba la sindano. Kuruka siku, leo umeze kesho usimeze, sikushauri kwa paroksetini: kiwango kinapanda na kushuka na mgonjwa anayumba nacho. Vidonge vinavyotoa dawa taratibu navyo visikatwe kabla ya kumuuliza mfamasia.

Jamii ya diazepamu, zile dawa za kutuliza na kuleta usingizi, ni habari nyingine, na hapa nasema kwa msisitizo. Aliyeimeza kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla. Anaweza kupata degedege, na degedege hiyo inaweza kuua. Tunashuka kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka.

Umri wa kati una mambo yake pia. Sitalopramu, ndugu ya paroksetini, haizidi miligramu 20 kwa waliovuka miaka 60, kwa sababu dozi kubwa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Anayemeza aspirini au ibuprofeni pamoja na dawa za jamii ya paroksetini huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Mwanamke anayetumia tamoksifeni baada ya saratani ya matiti asipewe paroksetini, kwa sababu huzuia ini kuifanya tamoksifeni iwe na nguvu. Na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya mbio na mikono kutetemeka. Naipima kabla sijalaumu wasiwasi.

Yule mama tulimrudisha miligramu 20, akatulia, tukaanza tena kwa hatua ndogo. Mwezi wa tatu akaanza kuamka usiku ameloa, moyo unakwenda mbio, akaamini kwamba safari hii ni ugonjwa kweli. Lakini hedhi yake ilikuwa imeanza kuruka miezi, na paroksetini hupunguza joto la ghafla la kipindi cha kukoma hedhi. Marekani iliidhinisha dozi ndogo yake kwa kazi hiyo mwaka 2013. Huenda ilikuwa imelifunika joto hilo kwa muda. Sikuongeza sertralini. Nilimwandikia barua kwa daktari wa wanawake wazungumze kuhusu homoni, nikamwomba aendelee na daftari.

Ukurasa wa mwezi wa tano ulikuwa na mstari mmoja: "Saa tisa usiku. Joto, jasho. Nimefungua dirisha, nimelala tena."