Omaha: Karata Mbili za Mkononi, Wala Si Moja

Kila ninapoanza kuwafundisha wachezaji wapya wa Omaha, aina ya poka inayofanana na Texas Hold'em, huulizwa swali lilelile kabla somo la kwanza halijaisha: "Mwalimu, si hii ni Texas Hold'em tu, ila unapewa karata nne badala ya mbili?" Sivyo, na ningefurahi dhana hii ikizikwa kabisa, kwa sababu hakuna kosa jingine la kanuni linalowapotezea wanaoanza fedha nyingi kuliko hili.

Katika Texas Hold'em mchezaji huchagua karata tano bora kati ya saba (mbili za mkononi na tano za mezani ambazo ni za wote) kwa namna yoyote anayotaka, akitumia zote mbili za mkononi, moja, au hata asitumie yoyote na kutegemea tano za mezani. Katika Omaha hana uhuru huo: ni lazima atumie karata mbili kamili kati ya nne alizonazo na tatu kamili kati ya tano zilizo mezani. Sharti hili lilianza zamani, kwani Omaha ya awali iligawa karata mbili tu kwa kila mchezaji na zote mbili zilipaswa kutumika. Za mkononi zilipoongezwa kuwa nne, sharti la mbili likabaki palepale.

Tazama mfano ninaoupanga mezani katika kila somo. Mezani pana mfalme, 10, 7 na 2, zote za shupaza, pamoja na 9 ya kopa. Mkononi una ree ya shupaza, mfalme wa kopa, 9 ya uru na 4 ya pau. Mwanafunzi huona shupaza tano zinazoongozwa na ree, akaweka dau lake lote. Kwa kweli hana kitu cha namna hiyo, kwa kuwa shupaza ya mkononi ni moja tu. Alicho nacho ni jozi mbili, za wafalme na za 9, na mwenzake mwenye 5 na 3 za shupaza, ambaye kweli ana shupaza tano, anamshinda bila shida.

Kosa hilohilo hujitokeza pale mezani panapokuwa na 8 tatu, mfalme na 3. Mwenye mfalme mmoja mkononi hudhani amepata 8 tatu na jozi ya wafalme, ilhali karata ya pili ya mkononi ni lazima iingie, hivyo anabaki na 8 tatu tu. Aliye na jozi ya 4 mkononi ndiye mwenye tatu na jozi, naye ndiye anayechukua dau.

Ushauri wangu, ambao sitauacha, ni kujifunza kwa karata halisi: tenga mbili za mkononi, sogeza tatu za mezani karibu nazo, kisha soma hizo tano peke yake. Wapo wanaoniambia kwamba programu ya simu itawahesabia. Itawahesabia kweli, lakini haitawaeleza kwa nini wameshindwa, na ndiyo maana nawapata wachezaji wa muda mrefu ambao bado hawalijui sharti hili.

Dhana nyingine hazinichoshi kiasi hicho. Wafalme watatu mkononi si bahati, kwa kuwa wawili tu ndio watakaohesabiwa na huyo wa tatu amekupunguzia nafasi ya kumpata mwingine mezani. Wanne ni balaa zaidi. Si kweli pia kwamba unaweza kusukuma fedha zako zote wakati wowote, kwani Omaha kwa kawaida huchezwa kwa kikomo cha dau lililopo, yaani huwezi kupandisha zaidi ya fedha zilizokusanyika mezani. Ikiwa mezani pana 1,000 na mwenzako ameweka 500, kwanza unahesabu 500 ya kumfuata, jumla inakuwa 2,000, na hicho ndicho kiwango cha juu unachoweza kupandisha. Kwa hiyo utatoa 2,500 kwa jumla.

Na katika Omaha ya kugawana dau kati ya mkono wa juu (karata tano zenye nguvu zaidi) na wa chini (karata tano ndogo zaidi), si lazima karata mbili zilezile zitumike pande zote mbili. Waweza kutumia ree na 2 kwa upande wa chini, kisha wafalme wawili kwa upande wa juu, mradi kila upande uwe na mbili za mkononi na tatu za mezani. Mkono wa chini huhitaji karata tano tofauti zisizozidi 8 (hapa ree huhesabiwa kama 1), kwa hiyo mezani pasipokuwa na karata tatu tofauti za namna hiyo, hakuna anayeweza kuupata, na dau lote huenda kwa mwenye mkono wa juu.