Kukuza na kunyoosha mchoro kwenye kompyuta: tofauti iko wapi?

Chukua mteja anayejenga kihambani kwao Marangu. Ameletewa ramani ya nyumba kutoka Arusha na ameipenda, ila vyumba anaviona vidogo: kila kimoja ni mita 3 kwa 3, yeye anataka 3.6. Mchoraji anaifungua kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, anaichagua nyumba yote, anatoa amri ya SCALE, yaani ya kukuza kwa uwiano, anaandika 1.2 na kubonyeza. Vyumba vimefika mita 3.6 kweli. Lakini ukuta wa tofali la inchi 6, uliokuwa milimita 150, sasa ni 180. Mlango wa sentimita 90 umekuwa 108, na choo cha kukaa nacho kimevimba. Nenda kamwagize mfyatua tofali wa Kiboriloni tofali la milimita 180 uone atakavyokutazama.

Amri haikukosea. Kukuza kwa uwiano ni kuzidisha: programu huchukua umbali wa kila nukta ya mchoro kutoka nukta moja uliyoichagua, kisha huuzidisha kwa namba uliyoandika. Ukiandika 2 vipimo vinakuwa maradufu, ukiandika 0.5 vinabaki nusu. Ni kama mashine ya fotokopi inayokuza ukurasa: haijui kipi ni ukuta na kipi ni sinki. Pembe hazibadiliki, duara hubaki duara, ila kila urefu umeguswa.

Ile nukta uliyoichagua, yaani nukta ya msingi, ndiyo peke yake isiyosogea. Ukiiweka kwenye kona ya nyumba iliyo karibu na bikoni, kona hiyo itatulia na nyumba itakua kuelekea upande mwingine. Ukiiweka mbali na mchoro, nyumba itakua na pia itahama, na unaweza kuikuta imeingia kwa jirani.

Kuna hesabu hapa ambayo wengi huisahau. Urefu ukizidishwa kwa 1.2, eneo huzidishwa kwa 1.44, ndiyo maana chumba cha mita za mraba 9 kimefika 12.96. Ujazo hupanda kwa kasi zaidi. Tangi la lita 1,000 ukilikuza mara 2 hupati la lita 2,000, unapata la 8,000. Kwa lita 2,000 ungeandika takriban 1.26.

Basi SCALE inafaa wapi? Inafaa pale ambapo umbo ni sahihi na ukubwa ndio una kasoro. Mchoro uliochorwa kwa inchi ukaingizwa kwenye faili la milimita utaonekana kama chembe. Uzidishe kwa 25.4 umemaliza. Au umepiga picha ramani ya upimaji wa kiwanja, umeiingiza kwenye programu, na unajua mpaka mmoja ni mita 25. Huna haja ya kikokotoo: chagua njia ya rejea ndani ya amri hiyohiyo, onyesha ncha mbili za mpaka huo, andika 25 (au 25000 kama faili ni la milimita), programu itatafuta namba yenyewe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu bora ya amri hii, na ndiyo inayotumiwa kidogo. Kitu ambacho haifai kabisa ni kubana nyumba ili iingie kwenye karatasi ya A3. Nyumba huchorwa kwa vipimo vyake halisi. Skeli ya 1:100 huwekwa wakati wa kuchapisha.

Yule mteja wa Marangu alihitaji kunyoosha, yaani amri ya STRETCH. Hapa unavuta kisanduku cha kuchagulia kutoka kulia kwenda kushoto, kikate kuta unazotaka zirefuke. Ncha zilizo ndani ya kisanduku husogea, zilizo nje hubaki, na mstari unaounganisha ncha hizo mbili hurefuka. Kilicho ndani kizima huhama bila kubadilika. Washa kitufe cha F8 ili mvuto uende wima au mlalo bila kupinda, andika 600 (milimita), na chumba kimeongezeka sentimita 60 upande mmoja huku ukuta ukibaki na milimita 150 zake na mlango na sentimita 90 zake. Ukivuta kisanduku kutoka kushoto kwenda kulia, kitachagua vilivyomo ndani vizima tu, kwa hiyo vitahama na hakuna kitakachonyooka. Wanafunzi wengi hukwama hapo na kudhani programu imeharibika.

Angalia pia ukingo wa kisanduku unapita wapi. Ukipita katikati ya dirisha lililochorwa kwa mistari ya kawaida, dirisha nalo litanyooka. Na ukivuta ukuta kwenye mchoro wa mkato, ule unaoonyesha nyumba kama imekatwa wima, bila kugusa kilele cha paa, mwinuko wa paa umebadilika, na urefu wa bati pia.

Mageti ndiyo hufundisha zaidi. Tuseme karakana ya Unga Limited, Arusha, ina mchoro wa geti la mita 3, mteja wa Njiro anataka la mita 4. Ukilikuza kwa upana peke yake, jambo ambalo programu ya SketchUp hukuruhusu ukishika kishikio cha ubavuni, maua ya duara yanakuwa mayai, na nguzo za bomba la mraba la milimita 40 zinasoma 53 kwa upana. Ukilinyoosha, duara linabaki duara: kitovu chake kikiwa ndani ya kisanduku linahama, kikiwa nje linakaa. Lakini pengo limebaki katikati, na programu haitakuongezea nondo. Hizo utazinakili mwenyewe kwa nafasi ileile.

Njia ya tatu ni kuuambia mchoro masharti yake mapema: ukuta huu daima 150, mistari hii sambamba, nondo zisiachane zaidi ya sentimita 10. Ukibadilisha namba moja, vingine hufuata. Wazo hilo lilikuwamo tayari kwenye Sketchpad, programu ya kuchorea ya Ivan Sutherland, mwaka 1963 kwenye chuo cha MIT kule Marekani, na likaingia viwandani kwa nguvu kupitia programu ya Pro/ENGINEER mwaka 1988. Leo programu ya FreeCAD inakupa bure. Kwa anayechora mageti kila wiki inalipa; kwa ramani moja ya nyumba, naona STRETCH inatosha.

Njia yoyote utakayotumia, kagua maandishi ya vipimo kabla ya kuchapisha. Kipimo kilichofungwa kwenye mstari hujisahihisha, ila kile ambacho mtu alikiandika kwa mkono juu yake kitaendelea kusema 3000 hata ukuta ukiwa 3600, na fundi wa msingi atachimba 3000.