Benki imekuachia theluthi moja. Nyumba yako inahitaji ngapi?

Mtumishi akija kuomba mkopo kwenye SACCOS yetu, swali lake la kwanza huwa lilelile: "Bosi, nakopesheka?" Kwangu mimi afisa mikopo ni swali zuri. Kwa mwenye mshahara halisaidii sana, kwa sababu kukopesheka maana yake ni kwamba makato yatapita, basi. Hapo hakuna anayejua habari za kodi ya miezi sita, sare za Januari wala mtungi wa gesi uliokata tarehe 19.

Tufungue slipu ya mshahara. Mchukue mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanachukua asilimia 5, yaani 40,000. NHIF, bima ya afya, asilimia 3, yaani 24,000. PAYE, kodi ya mshahara, inapigwa kwenye 760,000 inayobaki baada ya kutoa mchango wa hifadhi ya jamii, inakuja 68,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HESLB, wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 120,000. Hajakopa popote, na tayari mkononi zimebaki 548,000. (Ada ya chama cha wafanyakazi nimeiacha, hesabu isije ikawa ndefu.)

Sheria inataka makato yasimshushe mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwa mwalimu wetu hiyo ni 266,667. Toa kwenye 548,000, unapata 281,000 na ushee. Hiyo ndiyo "nafasi" ambayo afisa wa benki anaisoma kwenye kompyuta yake, na wengi hukopa mpaka iishe kwa sababu tu ipo. Theluthi iliwekwa ili mtu asifanye kazi mwezi mzima akaambulia patupu. Aliyeiweka hakujua una watoto wangapi.

Nafasi yako unaitafuta mwenyewe, na unaitafuta kwa mwaka, si kwa mwezi. Hapo ndipo bajeti nyingi ninazoonyeshwa zinapokufa. Mtu ameandika chakula, nauli, LUKU, maji na vocha, kila kitu safi kabisa, kisha Januari inamkuta kama mgeni asiyepiga hodi. Lakini Januari ipo kwenye kalenda kila mwaka! Tuseme mwalimu wetu anapanga kwa 80,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo: kwa mwaka ni 960,000. Sare, madaftari na nauli ya mtoto wa bweni 360,000. Safari ya kijijini pamoja na michango 180,000. Jumla ni 1,500,000, ukigawa kwa 12 ni 125,000. Fedha hiyo ikiingia na mshahara si ya kutumia, hata kama inaonekana kwenye salio. Ihamishe siku hiyohiyo, iende akaunti isiyo na kadi, au SACCOS, au hisa za kikundi chenu cha VICOBA kama mnavunja mzunguko na kugawana fedha Desemba.

Kuhusu michango, nieleweke. Simwambii mtu asichangie harusi ya mtoto wa jirani. Kesho na yeye atakuwa na kamati. Ninachosema ni kwamba fungu la michango liwe na kiasi, na likiisha, anayekuja na kadi aambiwe ukweli. Ahadi iliyoandikwa kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu ya macho ya watu ni deni kama madeni mengine, tofauti yake ni kwamba haina riba.

Turudi kwenye hesabu. Kati ya 548,000 tumetenga 125,000, zimebaki 423,000. Kula, nauli, umeme, maji, gesi na vocha tuseme 330,000. Kilichobaki ni 93,000. Hiyo ndiyo nafasi ya kweli ya rejesho, na hapo hatujaweka hata senti ya dharura. Benki iliona 281,000. Akikopa kwa kipimo cha benki, nyumba inayohitaji 455,000 inapewa 266,667, na kila mwezi kuna pengo la 188,000.

Pengo hilo ndilo linalompeleka mtu kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa rejesho la kila siku. Anaomba 100,000, wanakata 10,000 ya fomu, anapokea 90,000, kisha analipa 5,000 kwa siku kwa siku 26. Jumla 130,000. Yeye anasema amelipa riba ya asilimia 30. Hapana. Ameondoka na 90,000, amelipa 40,000 juu yake, na kwa kuwa alianza kurejesha kesho yake, kiasi ambacho kwa wastani alikuwa nacho mwezi mzima ni kama nusu tu ya hiyo 90,000. Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Novemba 2024 ikataja pia majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Anayekudai kadi ya benki na namba ya siri kama dhamana, huyo usimuulize hata riba.

Sasa pengo limekuwa sugu na benki wanapiga simu: "Mwalimu, unaweza kuongeza mkopo, rejesho halibadiliki." Ni kweli halibadiliki. Tuseme ulichukua 13,290,000 kwa miaka sita, riba asilimia 15 kwa mwaka inayopungua na salio, rejesho 281,000. Mwezi wa kwanza, zaidi ya 166,000 ya rejesho hilo ni riba. Baada ya miaka miwili umelipa 6,744,000, lakini deni limeshuka kwa kama 3,190,000 tu. Bado unadaiwa karibu 10,100,000. Ukiongeza mkopo urudi palepale ulipoanzia, unapata hiyo 3,190,000 mkononi, na miezi iliyobaki inatoka 48 kwenda 72. Miezi 24 ya ziada mara 281,000 ni 6,744,000. Hiyo ndiyo bei ya ile milioni tatu, na bado hujahesabu ada ya maombi na bima.

Je, kuongeza mkopo ni kosa siku zote? Siyo. Kama una kausha damu wawili watatu, mkopo wa SACCOS au wa benki wa kuwafunga wote siku moja ni nafuu kubwa. Lakini chukua kiasi cha kuwafunga tu, hata kama unakopesheka zaidi, na muda uwe mfupi kadiri zile 93,000 zinavyoruhusu. Uliza kwa maneno haya: riba ni ya salio linalopungua, au ni ya kiasi chote mpaka mwisho? Kwa milioni moja ya mwaka mmoja kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, ya kwanza inakugharimu riba ya kama 242,000, ya pili 420,000.

Ukimaliza, dai kadi yako, badilisha namba ya siri siku hiyohiyo, na chukua barua ya kumaliza deni yenye muhuri. Mwezi unaofuata usiangalie meseji ya mshahara peke yake, fungua slipu. Mstari wa makato yaliyokwisha ukiwa bado upo, nenda kwa mwajiri na barua hiyo kabla ya mshahara mwingine kuandaliwa.