Kwa nini mvua ya saa moja tu huisimamisha Nairobi?

Aprili moja binamu yangu alipanda basi la asubuhi kutoka Malindi kuja kunitembelea. Saa kumi na mbili na nusu jioni akanipigia simu: amefika Mlolongo, niweke chai motoni. Chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Alibisha hodi saa nne na robo usiku, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini, na salamu akazisahau. "Mvua yenyewe ni ya saa moja tu! Kwetu mvua kama hii hata watoto hawaitwi ndani."

(Mlolongo, kwa asiyeujua, ni mji wa kando ya barabara ya Mombasa uliopata jina lake kutokana na foleni ya malori yaliyokuwa yakingoja kupimwa uzito. Mgeni hawezi kusema hakuonywa.)

Nilitaka kuutetea mji wangu lakini hoja yake ilikuwa na uzito. Nairobi hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na Malindi hupata kiasi kisichopishana sana na hicho. Aprili, ambao ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Nairobi, huleta kama milimita 200. Basi kwa nini kule maji yaishe baada ya dakika chache na huku watu wavue viatu?

Jibu la kwanza liko chini ya miguu. Malindi imekaa juu ya mchanga na matumbawe, na maji hunywewa papo hapo. Nairobi ina udongo wa aina mbili. Upande wa magharibi na kaskazini, Westlands na Parklands kuelekea Kiambu, ni udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Ukishuka kusini na mashariki, South C, Embakasi na kuendelea, unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mafundi wa ujenzi huuita "black cotton". Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza simu. Ukilowa huvimba, nyufa zikajifunga, na kuanzia hapo maji ya juu hayapati pa kupenya. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi yake huuchimba wote na kuupakia kwenye malori kabla ya kuweka msingi. Usipouondoa, kila msimu nyumba itainuliwa na kushushwa mpaka kuta ziteme nyufa.

Pili, mji uko kwenye mteremko. Vilima vya Ngong na Kikuyu vinapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali uwanja wa ndege kule Embakasi uko mita 1,600 na ushei. Mvua ikipiga Dagoretti, maji hushuka mashariki kwa Mto Nairobi, Mto Ngong na Mto Mathare, na wanaopokea ni watu wa bondeni, ambao huenda hawajaona hata tone. Zamani sehemu ya maji hayo ilibaki kwenye bustani za Kilimani na Kileleshwa. Siku hizi palipokuwa na nyumba moja na mparachichi pana jengo la ghorofa na uwanja wa saruji, na saruji hainywi kitu.

Halafu kuna historia, na hapa ndipo mimi huwacheka waliotutangulia. Wamaasai waliuita mto huu Enkare Nairobi, maji baridi. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapa Mei 1899, na wahandisi wakapenda uwanda huu kwa sababu ulikuwa tambarare ya mwisho kabla ya kupanda milima ya Kikuyu na kuteremka Bonde la Ufa. Kwa kupanga mabehewa na kupata maji ya garimoshi palifaa sana. Kwa mji, hapana: ilikuwa nchi ya kinamasi. Miaka michache tu baadaye madaktari walikuwa wakishauri mji uhamishiwe mahali pa juu zaidi, lakini majengo yalikwisha kusimama na fedha zilikwisha kutumika. Kambi ya reli ikawa jiji, na sensa ya 2019 ikahesabu humo watu karibu milioni 4.4.

Kuhusu majira, mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa. Kaskazi ikichoka na kusi ikianza kuingia, pepo za kaskazini na kusini hukutana karibu na ikweta, hewa yenye unyevu hupanda juu, hupoa, na mawingu hufunga. Ukanda huo hulifuata jua, kwa hiyo hutupitia mara mbili: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Na kwa kuwa ardhi hupata joto mchana kutwa ndipo mawingu yakue, mvua ya Nairobi hupenda alasiri, jioni na usiku. Yaani saa ileile ambayo ofisi zote zinafungwa.

Hapo ndipo uone mji. Mitaro imejaa chupa za plastiki (mifuko ilipigwa marufuku 2017, chupa hazikuguswa). Makanga aliyekuwa akiita shilingi hamsini anaita mia moja na hamsini bila haya. Stima inapotea. Pembeni ya barabara iliyofurika, wenye mikokoteni wanavusha watu kwa malipo, mwenye tai akiwa amesimama juu kama shehena ya viazi.

Lakini si kichekesho kwa kila mtu. Aprili na Mei 2024 mito ilivunja kingo zake, nyumba za Mathare na Mukuru zikasombwa, na serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke. Wengi wao walikuwa wakiishi hapo kwa kuwa ndipo kodi ilipokuwa nafuu.

Ukija msimu huu, basi, shughuli zako zimalize kabla ya saa tisa alasiri. Beba sweta, maana usiku hushuka hadi nyuzi 15 hivi na mtu wa Pwani hutetemeka. Maji yanayokimbia barabarani usiyavuke, hata kama mbele yako kuna aliyevuka. Kumbikumbi wakijaa kwenye taa ni chakula kwa anayewapenda. Mdudu mwembamba mwekundu na mweusi akikutua shingoni, mpulize. Ukimponda, sumu iliyo mwilini mwake itakuunguza ngozi, na utaamka na alama kama ya moto.

Binamu alikaa wiki moja, akanunua gambuti Gikomba, akarudi kwao. Siku kadhaa baadaye akanipigia tena. Mto Nairobi huingia Mto Athi, na Athi hupita Ukambani na Tsavo, ukabadilisha jina ukawa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Alikuwa amesimama ufukweni, akaniambia bahari yote imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Maji yenu yamefika," akasema. "Yamekawia kuliko mimi, lakini yamefika."