Kukarabati au Kuhama: Tunayoyaamini na Yalivyo Kweli

"Kukarabati ni nafuu kuliko kuhama, siku zote."

Hapa watu hulinganisha visivyolingana: bei nzima ya nyumba nyingine, na makadirio ya fundi ya siku ya kwanza. Fundi wa siku ya kwanza anahesabu kinachoonekana. Akishabandua lipu na kung'oa vigae vya bafuni ndipo mnakutana na bomba lililoliwa na kutu, waya ambao ganda lake limekauka na kupasuka, au mbao za dari zilizobaki unga kwa kazi ya mchwa. Ndiyo maana wazoefu hutenga asilimia 10 hadi 20 juu ya makadirio, na kwa nyumba kongwe mimi sishuki chini ya 20. Kama jiko na choo vitafungwa wiki kadhaa, ongeza na kodi ya mahali pa kukaa.

Kuhama nako kuna gharama ambazo tangazo la nyumba halizitaji: dalali, wakili, ushuru wa kuhamisha umiliki, mthamini, ada za mkopo, gari la mizigo. Fedha hizo zikitoka zimetoka, hazibaki kwenye ukuta wowote. Andika hesabu zote mbili mpaka mwisho kabla hujasema ipi ni nafuu.

"Nyumba ikitoa nyufa, imekwisha."

Hofu hii imewauzisha watu nyumba nzima kabisa kwa bei ya kutupa. Lipu husinyaa inapokauka, na nyufa nyembamba kama unywele hujitokeza hata kwenye nyumba mpya. Ufa wa kutia shaka una sura yake: unaanzia pembe ya dirisha au mlango na kwenda mshazari, au unapanda kama ngazi ukifuata viungo vya matofali, tena mpana juu kuliko chini au kinyume chake. Ukizidi milimita 5, au milango ikaanza kukwama kwenye fremu, usiufunike.

Chukua penseli. Weka kistari kwenye kila ncha ya ufa, pima upana wake, andika tarehe pale pale ukutani. Rudi baada ya mwezi, kisha baada ya mvua na baada ya kiangazi, kwa sababu udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na msingi huufuata. Chumbani kwangu nina ufa ambao kila mgeni aliuona akanishauri niuze. Mwaka mzima haukuvuka kistari cha penseli, nikauziba. Ungevuka, ningemwita mhandisi wa majengo, maana ufa unaotembea si kazi ya fundi rangi.

"Unyevu ni suala la rangi."

Nilipaka ukuta ule ule mara mbili, na mara zote mbili rangi ikavimba malengelenge na chumvi nyeupe ikachomoza chini yake. Maji yalikuwa yakipanda kutoka ardhini, kwa sababu udongo wa nje ulikuwa umerundikwa juu kuliko utando wa kuzuia unyevu, ule unaolazwa ndani ya ukuta karibu na ardhi ili maji yasipande. Unyevu wa namna hii kwa kawaida huishia kimo cha mita moja hivi. Ukiuona juu zaidi, kagua paa, mifereji ya mvua na mabomba.

"Ninachotumia kukarabati nitakirudisha nikiuza."

Mara nyingi hapana. Bei ya nyumba hufungwa na bei za majirani zake, na mnunuzi hakulipi kwa vigae ulivyovipenda wewe. Karabati kwa sababu utaishi humo.

"Nikikosa nafasi, navunja ukuta au napandisha ghorofa."

Kuta nyingine ni za kugawa vyumba tu, nyingine zimebeba paa au sakafu ya juu. Kuzigonga na kusikiliza mlio hakutoshi kuzitofautisha. Msingi uliomwagwa kwa ajili ya nyumba ya chini haukukusudiwa kubeba ghorofa, na kuuimarisha kunaweza kula bajeti kabla tofali la kwanza halijapanda. Mhandisi na kibali cha ujenzi vitangulie. Na kama paa ni la zamani na lina mabati ya asbesto, tafadhali mtu asiyavunje wala kuyakata kwa msumeno. Vumbi lake huleta saratani, na kuyaondoa ni kazi ya wenye vifaa na mafunzo.

"Tukihama, kero zitaisha."

Hili ndilo ninaloliomba litafakariwe kwa utulivu kuliko yote. Kero nyingine ni za nyumba: giza, chumba kimoja pungufu, ngazi zinazomtesa mzee. Hizo fundi anaziweza, na wakati mwingine kabati zuri na mlango uliohamishwa vinatosha. Kero nyingine ni za mahali: kelele za barabara, umbali wa kazini, maji ya mafuriko. Hizo hakuna nyundo itakayoziondoa. Kwa wiki mbili kila mtu wa nyumbani aandike kinachomuudhi siku hiyo, watoto pia, kisha mtenge za nyumba na za mahali. Zikizidi za mahali, tafuteni kwingine, lakini msiende kuona nyumba mchana mtulivu tu. Nendeni saa watu wanaporudi kazini, nendeni usiku, na siku ya mvua kubwa simameni getini muone maji yanaelekea wapi.